Spea au ranifleti kwenye Volkswagen ya zamani?

Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam amemaliza kuifufua Volkswagen Beetle ya mwaka 1967, kazi iliyomla miaka mitatu. Bodi imenyooshwa, injini imefunguliwa yote na kufungwa upya, viti vimeshonwa. Kabla ya kuipeleka Tanga kwa wazazi wake akaniuliza swali ambalo nimelibeba wiki nzima: atoe tairi la spea linalokaa puani mwa gari, afunge rimu za inchi 16 na matairi ya ranifleti, yale yanayoendelea kutembea hata upepo ukiisha? Si urembo anaoutafuta. Mke wake ndiye atakayeiendesha zaidi, na hataki siku moja asimame peke yake usiku kwenye barabara ya Chalinze–Segera akihangaika na jeki.

Wasiwasi wake naujua vizuri. Niliwahi kupata pancha kwenye barabara hiyohiyo, kati ya Mkata na Kabuku, giza likiwa limeshaingia. Tochi nilikuwa nimeing'ata mdomoni. Kila basi lilipopita, upepo wake ulilitikisa gari juu ya jeki, nami narudi nyuma hatua mbili nikingoja litulie. Boliti ya tatu ilikuwa imegoma, nikaipanda spana kwa mguu. Kazi ya dakika 15 ilinichukua karibu saa nzima, na muda wote huo mgongo wangu ulikuwa umeelekea magari yanayokuja. Anayesema spea inatosha, basi, aseme akijua kwamba kuibadilisha ni kazi ya hatari, na si kila dereva ana nguvu za kulegeza boliti zilizokaa miaka.

Wakati mwingine pia hatari yenyewe ni kusimama. Tarehe 22 Agosti 1962, huko Petit-Clamart karibu na Paris, watu wenye silaha waliishambulia Citroën DS iliyombeba Rais wa Ufaransa, Charles de Gaulle. Matairi yalitobolewa kwa risasi, lakini dereva hakusimama. Gari lile halikuwa na ranifleti. Lililolisaidia ni springi zake za mafuta na gesi, pamoja na mkono wa dereva. Lakini hoja ya ranifleti ni hiyohiyo: mtu aondoke pale alipo, pancha itashughulikiwa mbele ya safari.

Zinavyofanya kazi si jambo gumu. Ubavu wa tairi la kawaida ni mwembamba, na upepo ndio unaousimamisha. Ukiisha, ubavu unakunjika, rimu inakaa juu yake na kuukata. Ranifleti ina mpira mnene na mgumu ndani ya ubavu, kwa hiyo gari husimama juu ya ubavu wenyewe. Kikomo kinachotajwa mara nyingi ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kwa anayezunguka mjini Dar, kati ya Mbezi na Posta, hiyo inatosha kabisa kumrudisha nyumbani.

Tatizo langu linaanzia kwenye sharti linaloambatana na matairi hayo. Yalitengenezwa kwa magari yenye kihisi cha upepo wa tairi, kwa sababu ubavu mgumu humficha dereva pancha. Gari halilali upande na usukani hauvuti sana, hivyo unaendelea na mwendo wako wa 100 huku mpira ukipata moto na kuchanika kwa ndani. Beetle ya 1967 haina kihisi chochote. Nakubali kwamba siku hizi kuna vihisi vidogo vinavyofungwa kwenye valvu mahali pa kifuniko, na kipokezi chake kinakaa juu ya dashibodi, kwa hiyo pengo hilo linazibika.

Rimu ni suala gumu zaidi. Nyingi za enzi zile zilitengenezwa wakati tyubu ndiyo iliyokuwa kawaida, na hazina nundu ya ndani inayoushika mdomo wa tairi usiteleze upepo ukiisha. Ukifunga ranifleti kwenye rimu ya namna hiyo, umenunua ubavu mgumu bila ule usalama wenyewe. Ndiyo maana rafiki yangu anazungumzia rimu za inchi 16. Beetle yake ilitoka kiwandani na inchi 15, nyembamba, za boliti tano, na matairi marefu yenye ubavu laini. Springi na shokapu zake zilipimwa kwa uzito na ulaini huo. Ranifleti ni nzito, nayo haimezi matuta. Mtikisiko ambao ungeishia kwenye mpira utahamia kwenye bushi, kwenye beringi na kwenye bodi ambayo ameilipia miaka mitatu kuinyoosha.

Kuna jambo moja kuhusu Beetle ambalo wengi wanaozinunua leo hawalijui. Kwa miaka mingi pampu ya maji ya kusafishia kioo haikuwa ya umeme. Mpira mwembamba ulitoka kwenye valvu ya tairi la spea hadi kwenye chupa ya maji, na upepo wa spea ndio uliorusha maji kwenye kioo. Upepo ukishuka hadi kiwango fulani, valvu ilijifunga ili spea isiishe kabisa. Ukiitoa spea kwenye gari la namna hiyo, umetoa na pampu ya maji. Vilevile umepunguza uzito puani mwa gari ambalo injini yake iko nyuma na pua yake ni nyepesi tangu mwanzo. Dereva yeyote wa Beetle anajua upepo wa pembeni unavyoisukuma gari hii, na uzito wa pale mbele unasaidia.

Lakini kinachonitia hofu kuliko vyote ni upatikanaji. Miaka ya 1970 Dunlop walitoa tairi lililoitwa Denovo, likafungwa kwenye Mini 1275GT. Lilikuwa na vichupa vya kilainishi ndani. Upepo ukiisha vichupa vinapasuka, mpira haujisugui mpaka kuungua, na gari linaendelea. Ufundi wake ulikuwa mzuri, ila lilidai rimu yake maalumu. Baadaye uzalishaji ukasimama, na leo mwenye Mini ile akitaka kuiendesha kwa kawaida hubadilisha rimu, kwa sababu matairi mapya ya kutosha rimu zile hayapo dukani. Wenye Peugeot 505 zilizokuja na rimu za TRX za Michelin wanaijua taabu hiyo. TRX haikuwa ranifleti, ila vipimo vyake vya milimita havikubali tairi jingine lolote. Gari linalotunzwa miaka 50 au 60 huishi muda mrefu kuliko bidhaa lililofungiwa.

Tuje sasa Kabuku au Segera. Tuseme ranifleti imefanya kazi yake na kumfikisha mama huyo, mke wa rafiki yangu, kwa fundi pancha. Fundi ana vyuma viwili vya kubandulia, beseni la maji, viraka na gundi. Ubavu ule haubanduki kwa mkono, unataka mashine. Hata ukibanduka, viwanda vingi havishauri kuziba ranifleti iliyokwisha kutembea bila upepo, kwa kuwa madhara ya ndani hayaonekani kwa nje. Kwa hiyo inatakiwa mpya, ya kipimo ambacho huenda hata Dar kinaagizwa. Gari litalala pale pale. Tairi la kawaida la inchi 15 fundi huyohuyo analiziba mama akinywa chai.

Kwa gari lililozaliwa na ranifleti msimamo wangu ni tofauti. BMW Z8, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2003, ilitoka kiwandani na matairi hayo bila spea. Springi, rimu na kihisi vyote vilipangwa pamoja. Anayemiliki gari la namna hiyo ana sababu nzuri ya kubaki nayo.

Hata hivyo sisi wa upande wa spea tuna aibu yetu. Fungua buti za magari ya zamani kumi uangalie ubavu wa spea, zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Ukikuta 1408, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2008. Ukikuta tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000. Mpira huzeeka hata kama haujagusa lami, na spea yenye nyufa mabegani inaweza kupasuka kilomita chache baada ya kufungwa, halafu huna nyingine. Jeki nayo ina kasoro yake. Kwenye Beetle huingizwa kwenye tundu la chuma chini ya ubavu wa gari, na tundu hilo huoza kwa kutu. Unazungusha jeki, chuma kinabonyea kuelekea ndani, gari halinyanyuki. Anayebeba spea bila kupima upepo wake na bila kulijaribu tundu la jeki nyumbani hana ulinzi wowote. Aliyefunga ranifleti na vihisi amemzidi.

Basi nilimwambia abaki na inchi 15, anunue matairi matano mapya na si manne, na yote matano yazungushwe kwa zamu ili la puani lisizeeke peke yake. Aongeze jeki ya chini ya kisasa, ubao wa kuiwekea kwenye mchanga, spana ya mkono mrefu, pembetatu mbili na taa ya kufunga kichwani. Na mke wake afanye zoezi la kubadilisha tairi mara mbili uani, mchana, kabla ya safari.

Jumamosi iliyopita walifanya. Mara ya kwanza dakika 22, mara ya pili 13, na boliti zote tano alizilegeza mwenyewe kwa ule mkono mrefu. Alipomaliza akairudisha spea puani, akauchomeka ule mpira mwembamba kwenye valvu, akabonyeza kitufe. Maji yakaruka mpaka kwenye paa.