Moyo kusimama ghafla: tupime kwanza au tujifunze kuokoa?

Kila mchezaji akidondoka uwanjani swali ni lile lile, mbona hawakumpima? Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka pale Lyon tarehe 26 Juni 2003, dakika ya 72, hakuna aliyemgusa, miaka 28 tu, na uchunguzi ukaonyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa, ugonjwa ambao mara nyingi unarithiwa na vipimo vinaweza kuushika kabla. Kwa hiyo wanaotaka kila mwanamichezo apimwe kwa lazima wana hoja, siwabezi hata kidogo.

Silaha yao kubwa ni Italia. Sheria ya kule ya 1982 ilifanya kupima ECG, yaani umeme wa moyo, kuwa lazima kwa anayeshindana, na mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vikashuka kutoka 3.6 hadi 0.4 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ukiishia hapo kesi imekwisha. Ila Israel nao waliweka sheria kama hiyo 1997, wakaja kuhesabu na hawakuona tofauti, maana vifo hivi ni vichache, vinapanda na kushuka vyenyewe, ukianzia hesabu kwenye miaka mibaya sheria yoyote itaonekana imefanya kazi. Halafu England, kati ya 1996 na 2016 walipima vijana zaidi ya 11,000 wa akademi za mpira, wakakuta 42 wenye matatizo yanayoweza kuua, na hapo wazazi wa hao 42 wana kila sababu ya kushukuru, lakini kati ya 8 waliokuja kufa kwa moyo 6 walikuwa wamepimwa wakaambiwa wako safi. Sita kati ya wanane jamani.

Kuna jambo lingine ambalo kwetu lina uzito wake. Moyo wa mchezaji mweusi mara nyingi unachora ECG tofauti na wa mzungu bila ugonjwa wowote, na vigezo vya zamani viliwatia shaka wachezaji wengi wazima. Vigezo vya kimataifa vya 2017 vimelirekebisha hilo kwa kiasi, ila anayesoma karatasi asipovijua, kijana anaweza kukatiwa riziki yake bure.

Upande wa pili wanasema ungeweka nguvu kwenye kuokoa. Mwanasoka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake haukufanya kazi dakika 78 mwaka 2012 pale London na leo yuko hai, na Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark ambaye alikuwa anapimwa mara kwa mara na vipimo vinasoma vizuri, alirudishwa Copenhagen 2021 kwa kukandamizwa kifua na kupigwa shoti moja ya mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Kila dakika inayopita bila mashine ile nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Sisi mtu akianguka tunakimbilia mdomoni, eti kameza ulimi, tunahangaika kumtanua meno, au akikoroma na kutikisika kidogo tunasema ni kifafa au bado anapumua, kumbe ndio moyo umesimama na kifua kinahitaji mikono muda huo huo.

Nao hawa wasijisifu kupita kiasi. Denmark, wananchi wanaoanza kukandamiza kifua waliongezeka kutoka asilimia 21 mwaka 2001 hadi 45 mwaka 2010, na waliofika siku 30 wakiwa hai wakapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Ni mara tatu, ila bado karibu tisa kati ya kumi walikufa.

Mimi naegemea kwenye kuokoa, na sababu sio mpira. Kifo cha ghafla cha moyo kinakadiriwa kubeba asilimia 15 hadi 20 ya vifo vyote duniani na wanamichezo ni sehemu ndogo sana, wengi ni watu wazima wenye mishipa ya moyo iliyoziba, wenye presha na sukari, na wanaangukia nyumbani, sebuleni, bafuni. ECG ya akademi haimfikii mzee wa miaka 60 ambaye hata presha hajawahi kupima. Timu za ligi kuu zipime, pesa ipo, na mashine iwe pembeni ya uwanja sio imefungiwa stoo, ila kwa sisi wengine pesa iende kwenye dawa za presha na kwenye mikono ya watu.

Na Denmark hawakusubiri watu wajitolee, 2005 waliingiza mafunzo ya kuokoa shule za msingi na 2006 wakayafunga kwenye leseni ya udereva. Hilo la leseni tunaliweza kabisa, na kwetu lingeanzia kwa madereva wa bajaji, bodaboda na teksi, kwa sababu mtu akianguka mtaani wao ndio wanaoitwa kwanza.