Alama za Sifa za Faili Zinalinda Kiasi Gani?

Katika mfumo wa faili wa FAT uliotumiwa na MS-DOS, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft, baiti moja tu ndiyo hubeba alama zote za sifa za faili: isomwe tu, ifichwe, ni ya mfumo, inahitaji nakala rudufu. Windows ya leo bado inazo, na wanaozitetea wana hoja nzito, kwamba zinamkinga mtumiaji wa kawaida asifute kwa bahati mbaya faili asiyoijua, bila kumlazimisha ajifunze kanuni za ruhusa.

Hata hivyo, alama inayoweza kuondolewa na yuleyule inayemzuia haistahili kuitwa ulinzi, na kwa upande wa kuficha nadhani hasara imezidi faida. Virusi vya diski flashi vimezoea kuzipa folda za mwenye nazo alama ya kufichwa pamoja na ile ya mfumo, kisha kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Anayebofya njia hiyo ya mkato huviendesha virusi mwenyewe. Kuruhusu faili zilizofichwa zionekane hakutoshi, kwa kuwa zenye alama zote mbili huonyeshwa kwa mpangilio mwingine wa peke yake, hivyo wengi huishia kuandika amri ya kuondoa alama hizo, attrib -h -s /s /d. (Alama ya kusomwa tu kwenye folda ya Windows, kwa njia, haizuii mtu kuongeza faili ndani yake.)

Linux imekwenda mbali zaidi. Faili iliyowekewa alama ya kutobadilika kwa amri ya chattr +i haifutwi wala kubadilishwa hata na root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) mpaka alama hiyo itolewe, na +a huruhusu kumbukumbu za matukio ziongezwe mwishoni tu. Lakini ls -l, amri ya kuorodhesha faili na ruhusa zake, haionyeshi alama hizi, kwa hiyo msimamizi aliyerithi seva anaweza kuhangaika na sasisho linalokataliwa, huku ruhusa zote zikionekana sawa, hadi akumbuke lsattr, amri inayozionyesha. Tena mvamizi aliyepata mamlaka ya root kwa kawaida huitoa kwa amri moja.

Pengo hilo limezibwa vizuri zaidi na FreeBSD, mfumo endeshi mwingine: kiwango cha usalama cha kiini (kernel) kikiwa 1 au zaidi, hata root hawezi kuondoa alama ya schg, yaani ya kutobadilika, na kiwango hicho hakishuki mpaka mashine iwashwe upya. Usumbufu wake wakati wa kusasisha ni mkubwa, nami ningeukubali kwa seva isiyobadilishwa mara kwa mara, si kwa kompyuta ya kazi za kila siku.