Nilivyochangiwa na ukoo kwa sababu ya bunduki ya elki

Huku Colorado ikifika Septemba wanaume kazini hawaongelei mpira tena, ni elki tu asubuhi mpaka jioni. Kwa ambao hamjamwona, elki ni wa ukoo wa kulungu ila dume lake linafika kilo 300 na ushee, tandala anasubiri, na wanakaa milimani huko juu mita 2,500, mita 3,000, ambako mtu wa Tanga kama mimi hata kuinama kufunga kamba za viatu unahema. Na Marekani nzima hakuna jimbo lenye elki wengi kama hili. Sasa mi ni nani nibaki nyumbani.

Cheti nilikuwa nacho, maana sheria ya hapa kila aliyezaliwa kuanzia 1949 lazima apite darasa la uwindaji ndo auziwe kibali, na mwalimu alisema wazi kabisa kwamba elki anaangushwa na pale risasi ilipoingia, sio na ukubwa wa mlio. Hata sheria yenyewe haidai mzinga, inataka kaliba, yaani upana wa risasi, isipungue milimita 6 na kichwa cha risasi kisipungue uzito wa grain 85, gramu tano unusu hivi. Lakini bwana, ukiingia dukani na mwili huu wangu muuzaji anakutazama mabega anaona biashara. Akairuka bunduki ya .270 (namba hizo ni kaliba kwa inchi), akairuka .30-06 ambayo ipo tangu 1906 na mpaka leo inaangusha elki kila msimu, akanyoosha mkono juu kabisa akashusha .338 Winchester Magnum, nyepesi hiyo, ya kupandia milima. Nikamuuliza na teke lake je, yaani inavyorudi begani ukifyatua? Akasema haina shida, inasukumasukuma tu.

Inasukuma. Haya.

Hesabu zake nilikuja kuzijua baadaye wakati nimeshafungwa bandeji: .30-06 ya kilo tatu unusu inarudi begani na nguvu ya joule 27 hivi, .338 ya uzito uleule inapita 45, na kadiri bunduki inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyokurudia kwa hasira zaidi kwa sababu hakuna uzito wa kuizuia. Yaani ule wepesi niliousifia dukani ndo uliokuwa unaninyemelea.

Tukaenda uwanja wa shabaha na mzee mmoja jirani yangu, mstaafu, mtu wa maneno machache. Akaniambia kitako kikae ndani ya bega, kibane, na jicho liwe mbali na darubini, sentimita tisa hivi. Nikasema sawa mzee. Tatizo ukikaa mezani unainama mbele bila kujijua, unataka uone vizuri, unasogea, unasogea, na mezani mwili hauna pa kuyumbia, teke lote unalipokea wewe. Nikavuta triga.

Mlio sikuusikia. Nilichoona ni mbingu. Kofia iko nyuma huko, miwani ya usalama imening'inia sikio moja, na kuna kitu cha uvuguvugu kinashuka puani taratibu. Ile ringi ya darubini ilikuwa imenigonga muhuri juu ya nyusi, nusu duara safi kabisa, haina hata kona. Mzee akanitazama, hakusema pole wala nini, akachukua darubini yake ya mkononi akaangalia kule kwenye shabaha, akasema, "Hata karatasi hujaigusa."

Kliniki nesi hakuniuliza nimeumiaje. Aliangalia ile alama akauliza, "Kaliba gani?" Nikamwambia. Akaguna, akaendelea kushona.

Sasa Jumamosi yake kulikuwa na harusi ya Watanzania wenzetu, na huwezi kukosa harusi kwa ajili ya nyusi. Kila niliyemwelezea kwamba ni bunduki anatikisa kichwa kwa huruma halafu anamgeukia mke wangu. Mzee mmoja wa heshima akanivuta pembeni, "Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana, lakini ikizidi sema, tupo." Wake zao nao wakawa wanampisha mke wangu kwenye foleni ya pilau. Na yeye hakukanusha hata kidogo!

Kumbe hapo mdogo wangu kule Tanga nimeshamtumia picha, na yeye bila kuuliza mara mbili akaitupa kwenye grupu la ukoo: "Bro amepigwa na bunduki Marekani, tumwombee." Mi nimelala, kule kumeshakucha. Naamka nakuta mama kapiga simu mpaka chaji imeisha, baba mdogo anauliza mshambuliaji amekamatwa au bado, shangazi mkubwa ameshajiteua mwekahazina na orodha ya michango inatembea, mjomba elfu ishirini, jina lake juu kabisa. Nikarekodi sauti ndefu kueleza kwamba mshambuliaji yuko kwenye sefu chumbani kwangu. Ndo nikaharibu kabisa. Mama akauliza, "Unakaa naye nyumba moja?"

Huku nyuma mzee jirani akaanza kunitibu. Kwanza tukaweka mpira mnene kwenye kitako, ukasaidia kidogo. Halafu tukafunga breki ya mtutu, ile yenye matundu ubavuni, na hapa niwe mkweli teke lilipungua sana, nikaanza kujiona. Ila zile gesi badala ya kwenda mbele zinatokea pembeni, na pembeni alikuwa amekaa baba mmoja na kahawa yake na donati na karatasi za vipimo zimepangwa vizuri. Nilipofyatua, donati ilishuka mezani yenyewe, karatasi zikatawanyika, yule baba akakusanya vitu vyake kimyakimya akahamia meza ya mwisho kabisa. Halafu kelele yake! Masikio nimeyaziba mara mbili, vizibo ndani na hedifoni juu, na bado meno yanasikia.

Kubwa zaidi lilikuwa halijaonekana bado. Mzee akaniambia niende nikaangalie shabaha, kumbe huku nyuma amechomeka risasi ya bandia. Narudi, nakaa, nalenga kwa mbwembwe zote, nabonyeza. Tik. Hamna mlio, hamna teke, lakini mi mwenyewe nimefumba macho, bega limeruka mbele, na mtutu umechimba chini kama jembe. Hiyo mbele za watu. Mwili ulikuwa unajihami kabla bunduki haijafanya lolote, ndo maana risasi zote za siku ile zilikuwa zinaingia kwenye vumbi.

Mzee akaenda kwenye gari akarudi na bunduki nyingine, 7mm-08, ya kaliba ndogo zaidi. Teke joule 17 hivi. Nikauliza ya nani, akasema ya mjukuu wake, binti. Akaongeza kwamba binti ameshaangusha elki nayo mwaka jana. Nikaishika. Ya kwanza karatasi, ya pili karatasi, ya tatu na ya nne ungeweza kuzifunika kwa kiganja. Sikuuliza maswali mengine, nikaomba niazimwe msimu mzima, ile .338 ikabaki kifungoni.

Oktoba tukapanda. Sheria inataka uvae rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka, mke wangu akanunua ya waridi, eti ndo iliyokuwa imebaki. Elki tuliwasikia wanapiga mbinja bondeni alfajiri, tukaona mavi yao, bado ya moto kabisa, tukaona na nyayo. Wenyewe hawakujitokeza.

Tatizo likabaki michango. Nilishasema jamani rudisheni hela za watu, ukoo ukakaa kikao bila mimi ukaamua anunuliwe mbuzi wa shukrani kwa kuwa nimenusurika. Picha nilitumiwa, mbuzi alikuwa mzuri. Ila mjomba siku hiyo alikuwa safarini Lushoto, hakuonja hata mfupa, na sasa hivi akinipigia hana muda wa salamu, anaanza moja kwa moja na ile elfu ishirini yake. Nikamwambia mjomba muulize shangazi, ndo mwekahazina. Shangazi kamjibu kwamba hela ya mgonjwa anadaiwa mgonjwa.