Kuwaka Si Kupima

"Inawaka, bosi." Basi, tangazo limekwisha. Picha tatu za skopu (oskiloskopu, chombo cha kuchora mawimbi ya umeme) ya mtumba: moja ya mbele, moja ya mgongoni, na ya tatu ni skrini yenye wimbi mraba lililonyooka kama limechongwa na seremala. Chini yake bei, namba ya simu na maneno "haina shida yoyote". Makundi ya mafundi wa hapa Mombasa yamejaa matangazo haya tena, na kila mara yupo mwanafunzi wa TUM (Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa) au fundi wa Kisauni anayeuliza bei ya mwisho kabla hajauliza swali lingine lolote.

Inawaka! Friji iliyokufa kompresa nayo huwaka taa ukifungua mlango, na hakuna mtu Kongowea atakayeinunua kwa ajili ya taa.

Kinachoudhi zaidi ni ile picha ya wimbi mraba, kwa sababu inajifanya ushahidi. Wimbi lile linatoka kwenye kijiti cha skopu yenyewe, kile cha mbele cha kurekebishia probu (waya wa kupimia). Kilohezi 1, volti 3 kwenye Rigol nyingi, volti 5 kwenye Tektronix za ukoo wa TDS. Probu ya 10× ikishaligawanya kwa kumi, kinachofika kwenye BNC (tundu la kuingizia signali) ni nusu volti au chini yake. Kwa hiyo mwuzaji amekuonyesha kwamba nusu volti ya mwendo wa kobe inaweza kupita njia moja kati ya njia kadhaa. Hajakuonyesha zaidi ya hapo.

Maana ndani ya kila chaneli mna ngazi za kupunguza volti. Signali ndogo ina njia yake na kubwa ina yake, na relei au swichi ya kielektroniki hubadilisha njia ukizungusha nobu ya volti. Sasa chukua fundi mwenye haraka, probu imeachwa kwenye 1× (haigawanyi kitu), ncha inagusa drain ya MOSFET (mguu wa transista ya kukatia umeme) ya chaja upande wa stima. Stima yetu ni 240, ikishageuzwa kuwa DC inakaribia volti 340, na pale kwenye drain ncha hupanda kupita 500. Skopu nyingi zimeandikwa pale pale kando ya BNC kwamba kikomo ni 300 V RMS; zile ndogo za USB kikomo chake ni makumi machache tu. Inaungua rizista moja ya njia moja. Njia nyingine ziko salama. Skopu inawaka, inaonyesha nusu volti vizuri kabisa, inapigwa picha, inauzwa.

Ukifika nayo mezani ukaiweka 2 V kwa kimraba kimoja cha skrini, laini ya volti 5 inasoma 3.8. Nawe utaamini, kwa nini usiamini? Utabadilisha regileta nzima, kisha utabadilisha kapasita nzima, kisha utamlaumu mteja kwa kulowesha bodi. Afadhali skopu iliyokufa, hiyo angalau utaiweka dirishani. Inayodanganya itakula kazi za miezi.

Kwa hiyo dakika ishirini na mfuko mdogo: mita, betri tatu mpya za AA, betri moja ya 9V, kebo ya BNC yenye klipu mbili, probu yako unayoiamini, na kibodi (bodi ndogo) cha chipu ya 74AC14 nitakachokieleza. Mwuzaji asiyetaka dakika ishirini, mwachie mali yake.

Anza kwa kuomba uikute baridi. Aliyeiwasha tangu asubuhi kabla hujafika huenda ana la kuficha au huenda hajui tu, ila hasara kwako ni ile ile. Kapasita za pawa saplai zilizokauka huonekana wakati wa kuwasha baridi: skrini inasita, inajizima na kuwaka tena, au inachukua dakika kutulia. Ikishapata joto, ugonjwa unajificha.

Ikishawaka, weka chaneli zote kwenye DC na upime kwa mita kutoka pini ya katikati ya BNC hadi ganda lake. Unatafuta megaomu 1, na chaneli zote zikubaliane. Moja ikisoma 1.00 na nyingine 0.78, au ikasoma wazi (kama waya uliokatika), au ikasoma omu chache, mazungumzo ya bei yameanza upya, au yameisha. Ukibadilisha kwenda AC isomeke wazi, kwa sababu sasa kuna kapasita njiani. Na zile zenye kitufe cha omu 50, ziweke hapo zisome 50 kweli. Mlango wa omu 50 ndio wa kwanza kuungua, kwa kawaida hauvumilii zaidi ya volti 5 RMS, na watu huusahau umewashwa.

Kisha betri. Betri mpya ya AA inasoma kati ya 1.5 na 1.6 kwenye mita. Andika namba kamili. Iunge moja kwa moja kwa kebo, bila probu, menyu ya probu iwe 1×, na uizungushe kwenye 500 mV, 1 V, 2 V. Halafu ya 9V kwenye 2 V na 5 V. Teremsha pia mstari wa sifuri hadi katikati, ingizo likiwa kwenye GND (ardhi), na upite ngazi zote kuanzia 2 mV hadi 5 V. Sikiliza: relei zinalia tik kwenye ngazi mbili tatu hivi. Hapo penye tik ndipo pa kutazama. Mstari ukiruka robo ya kimraba au zaidi baada ya tik, au betri ikasoma 1.55 kabla ya tik na 1.2 baada yake, umeshapata njia iliyoungua. Asilimia 3 ya tofauti na mita ni kawaida ya vyombo hivi, vina biti 8 tu. Asilimia 20 si kawaida ya chochote.

Rudia kila kitu kwenye chaneli ya pili. Ndiyo, yote. Chaneli 1 ndiyo inayopigwa picha.

Kwa kasi ndipo kinapokuja kile kibodi. Chukua 74AC14, chipu ya inverta sita, si 74HC14 iliyo polepole. Rizista ya kilo-omu 1 kutoka mguu wa kutokea kurudi wa kuingilia wa inverta moja, kapasita ya nanofaradi 100 kutoka mguu huo wa kuingilia hadi ardhi, nyingine ya 100 karibu kabisa na miguu ya pawa, na ingizo zisizotumika uzifunge ardhini. Ilishe betri tatu za AA. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo hivi. Utapata kilohezi kadhaa, lakini hilo silo linalotafutwa. Linalotafutwa ni ukingo, unaopanda kwa nanosekunde 2 hivi. Skopu ya megahezi 100 ina muda wake wa kupanda, 0.35 gawanya kwa upana wa bendi (hizo megahezi 100), yaani nanosekunde 3.5. Ukichanganya na ukingo wa kibodi utasoma kama 4. Skopu ya megahezi 50 itasoma 7 na ushee. Lebo ikisema 100 na kipimo kikasema 10, jaribu kwanza kuondoa ule mkia mrefu wa ardhi wa probu na kutumia springi fupi kwenye ncha. Bado 10? Basi lebo na mlango haviafikiani, na chombo ni kile kilichomo, si kilichoandikwa. Na hata 100 ikiwa ya kweli, kumbuka wimbi la megahezi 100 litasomeka asilimia 70 tu ya urefu wake. Hiyo ndiyo maana ya namba ile.

Maliza kwa Self-Cal (skopu kujirekebisha yenyewe) kwenye menyu ya Utility, waya zote zimechomolewa, skopu imeshawaka dakika ishirini. Ikikataa, imekataa.

Sasa niseme haki kidogo, kwa shingo upande. Wauzaji wengi hawadanganyi. Kontena limefunguliwa, ndani mna mashine za fotokopi, viti vya ofisi na skopu mbili. Wao wanajua viti. Asemapo "inawaka" amekuambia yote anayoyajua. Sawa. Ila basi bei iwe ya kitu kinachowaka, isiwe ya kitu kinachopima.

Na jina la Tektronix lisikupumbaze. TDS210 ni chombo kigumu, lakini kumbukumbu yake ni pointi 2500. Kamata milisekunde 100 za data ya serial ya biti 9600 kwa sekunde: kila biti ni maikrosekunde 104, na skopu inachukua sampuli moja kila maikrosekunde 40. Sampuli mbili na nusu kwa biti. Soma hiyo ukiweza. Rigol DS1054Z ina pointi milioni 12, na kwa kazi za vidhibiti vidogo inaizidi mbali, ingawa wazee wa kazi hawapendi kusikia. Nayo ina mtego wake: sampuli bilioni 1 kwa sekunde ni kwa chaneli moja, ukiwasha zote nne unabaki na milioni 250 kila moja. Ambaye programu yake imefunguliwa kwenda megahezi 100 na chaneli zote zimewashwa anatazama zaidi makisio kuliko signali.

HP 54600B ya miaka ya 1990 ndiyo kioja chenyewe. Megahezi 100 usoni, sampuli milioni 20 tu kwa sekunde. Inajenga picha kwa wimbi linalojirudia. Tukio la mara moja tu, kikomo chake ni megahezi 2. Kwa pawa saplai inatosha. Kwa kukamata hitilafu inayotokea mara moja kwa saa, haitoshi.

TDS za 500 na 700 nazo: kalibresheni (namba za kusahihisha vipimo) imekaa kwenye chipu ya kumbukumbu ya Dallas yenye betri ndani yake, na betri hiyo ikifa kalibresheni inaondoka nayo. Bodi zake pia zina kapasita ndogo zinazovuja na kula njia za shaba. Ukifungua kifuniko ukasikia harufu ya samaki na hauko Marikiti, ni hizo.

Skrini ikianza na wekundu na kufifia, taa ya nyuma inazeeka. Nobu inayoruka kurudi nyuma hutibika kwa dawa ya kusafishia kontakti. Hewa yetu ya chumvi hufanya hivyo hata kwa chombo kizima, kwa hiyo ombea punguzo lakini usikimbie.

Probu zinastahili hasira yake peke yake. "Waya zake hizi hapa," na unapewa fundo. Pima kwa mita kutoka ncha hadi pini ya BNC: kwenye 10× usome megaomu 9, kwenye 1× omu mia mbili tatu hivi. Ukisoma sifuri kwenye 1×, kuna mtu ameikarabati kwa kebo ya televisheni. Uzi wa ndani wa kebo ya probu ni mwembamba na umetengenezwa kwa makusudi uwe na ukinzani, uue mwangwi wa signali. Ukiweka shaba ya kawaida kila ukingo utacheza ngoma. Tupa hiyo. Angalia pia pikofaradi zilizoandikwa kwenye probu, kutoka ngapi hadi ngapi, ziwe zinajumuisha zile zilizoandikwa kando ya BNC, la sivyo utazungusha skrubu hadi kesho na wimbi mraba halitanyooka. Na ukikumbuka kwamba 1× hupitisha kama megahezi 6 tu, utaelewa kwa nini kristali ya megahezi 16 ilionekana "imekufa".

La mwisho ni plagi. Klipu ya ardhi ya probu imeungwa na ganda la BNC, ganda na chasi, chasi na waya wa kijani na njano hadi ukutani. Ndiyo maana ukiibana kwenye upande wa stima wa pawa saplai, breka inaruka au klipu inayeyuka. Dawa ni transfoma ya kutenganisha, na inalisha kile kinachotengenezwa, si skopu. Au probu mbili za 10× na hesabu ya CH1 kutoa CH2. Lakini wako mafundi waliopata njia ya mkato: mguu wa ardhi wa plagi hawaukati, maana soketi zetu hazifunguki bila huo, wanafungua plagi na kuchomoa waya. Breka hairuki tena. Badala yake chasi nzima ya skopu inakaa na volti 300 na ushee, nawe umeishika kwa mkono wa pili.

Pima kwa mita kutoka mguu wa ardhi wa plagi hadi ganda la BNC. Iwe karibu na sifuri. Ikisoma wazi, unajua skopu hiyo ilikuwa ikifanya kazi gani huko ilikotoka, kwa hiyo rudi kwenye zile betri na uanze kupima upya kuanzia chaneli 1.