Kukizuia kirusi: tukikabe chenyewe au tuzibe mlango wa seli?

Kuna ubishi mmoja kwenye mambo ya virusi ambao kila nikidhani nimeshaamua niko upande gani nakutana na mfano unanirudisha nyuma. Iko hivi, kirusi hakizaani peke yake, lazima kiingie ndani ya seli, na ili kiingie kwanza kishike kitu kwenye utando wa nje wa seli, hicho ndo kipokezi, wengine wanasema risepta. Kwa hiyo ukitaka kukizuia pale pale mlangoni una njia mbili: ukifunike kirusi chenyewe kisipate pa kushikia, au uzibe kile kipokezi kwenye seli yetu. Ipi bora?

Kabla sijaenda mbali, ule mfano wa kufuli na ufunguo tunaopenda kuutumia unapotosha kidogo. Chukua kirusi cha mafua, kina mamia ya protini za hemaglutinini zimechomoza nje, kila moja inashika sukari inayoitwa asidi ya sialiki iliyoko kwenye seli zetu za njia ya hewa, na mshiko wa moja peke yake ni dhaifu sana, unaachia. Sasa zikishika nyingi kwa pamoja kirusi hakibanduki, kama kishona nguo vile, kimoja unakitoa bila hata kuangalia ila vikijaa suruali nzima ndo utajua. Na sukari hiyo kwetu na kwa ndege imeunganishwa tofauti kidogo tu, jambo ambalo ni sababu mojawapo ya mafua ya ndege kushindwa kuambukizana kirahisi mtu kwa mtu.

Haya, wanaotetea kuziba kipokezi wana hoja nzito. Kirusi kinabadilika kila siku, kipokezi chetu hakibadiliki. Angalia Evusheld, kingamwili mbili za maabara za kuwalinda na korona watu ambao kinga yao ni dhaifu: Marekani iliiruhusu Desemba 2021, Januari 2023 ikaisimamisha, maana sehemu ya kirusi ambayo dawa ilikuwa inaishika ilishabadilika kwenye aina nyingi zilizokuwa zinazunguka. Mwaka mmoja na kidogo tu!

Halafu kuna VVU. VVU hushika CD4 kwanza, protini iliyoko juu ya seli zetu za kinga, kisha kinahitaji kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4. Wapo watu wachache, wengi wao wa asili ya Ulaya kaskazini, waliozaliwa na jeni ya CCR5 iliyopungua herufi 32, na aliyerithi nakala hizo kwa wazazi wote wawili ni vigumu sana kuambukizwa aina za VVU zinazopitia CCR5. Timothy Ray Brown, aliyekuwa na VVU, alipandikizwa seli za uboho za mtu wa namna hiyo mwaka 2007 na tena 2008 kutibu saratani ya damu, na VVU havikurudi mpaka anafariki 2020 kwa saratani ile ile. Ukisoma hapo tu unasema basi, ubishi umeisha, tuzibe milango.

Ila hajatokea aliyeweka mlango pale kwa ajili ya kirusi jamani. ACE2 ambayo korona inaishika ina kazi yake kwenye kurekebisha presha ya damu. CXCR4 ndo usiseme, panya wa maabara wakiondolewa jeni yake hufa. Hata CCR5 ambayo watu huiongelea kana kwamba ni mapambo, wasio nayo wakipata kirusi cha West Nile wako kwenye hatari zaidi ya kuumwa. Ndo maana yule mwanasayansi He Jiankui wa China aliyetangaza 2018 kwamba amehariri CCR5 kwa watoto mapacha wangali viinitete alizua hasira dunia nzima na akaishia jela, binafsi naona hasira ile ilikuwa halali kabisa.

Na kirusi hakisubiri mlango mmoja. Mgonjwa mwingine, huyu wa Essen Ujerumani, alipandikizwa uboho usio na CCR5 kama Brown, VVU vikarudi vikipitia CXCR4. Alafu 2023 ikaripotiwa habari ya mgonjwa wa Geneva ambaye uboho aliopewa ulikuwa na CCR5 ya kawaida, na bado miezi mingi baada ya kuacha dawa VVU havikuonekana. Yaani hata sifa tuliyoupa mlango kwenye kisa cha Brown huenda si yake yote, seli mpya za kinga kutoka kwenye uboho wa kupandikizwa, zilizofyeka zile za zamani, nazo zina mkono wao.

Kwa hiyo mimi nauliza maswali mawili tu: huo mlango unafanya kazi gani kirusi kisipokuwepo, na kirusi kina mlango wa pili? Dawa ya maraviroki, ya tangu 2007, inaziba CCR5 na haitolewi mpaka ipimwe kama VVU vya mgonjwa vinapita huko, vinginevyo unampa mtu vidonge vya bure. Upande wa homa ya ini mambo ni mazuri zaidi. Virusi vya B na D huingia kwa NTCP, protini inayopitisha chumvi za nyongo kwenye ini, na bulevitaidi ambayo Ulaya waliiruhusu 2020 kwa homa ya ini D inauziba huo mlango, chumvi za nyongo zinapanda kwenye damu ila wagonjwa wengi wanavumilia vizuri. Hapo hao wa milango wameshinda, nakubali.

Kinachonichanganya ni dawa ya ibalizumabu, ya 2018, ya watu ambao VVU vyao vimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi. Inakaa kwenye CD4 yetu lakini pembeni, CD4 inaendelea na kazi yake ya kinga, na kirusi kinaruhusiwa kushika, kinakwama tu hatua inayofuata. Sasa hiyo ni kuziba mlango au la? Na bado VVU vingine vimeshaipatia njia, vinaangusha vijisukari vichache kwenye protini yao ya nje, dawa inakosa nguvu, wakati CD4 ni ile ile haijaguswa hata kidogo.