Wakili wa Mrundi wa Njugu Pia Anahitaji Harambee

Jumapili iliyopita baada ya ibada hapa Lowell, Massachusetts, tuligawiwa vikadi vyekundu vidogo vya kutia kwenye pochi. Vimeandikwa haki za mhamiaji: usiwafungulie maofisa wa uhamiaji mlango mpaka waonyeshe waranti iliyotiwa sahihi na jaji, una haki ya kunyamaza, usitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kuongea na wakili. Makaratasi yangu mimi yako sawa, lakini nilikipokea kile kikadi kwa furaha. Nje ya ukumbi wazee Wazungu, waliozaliwa papa hapa, walikuwa wanachangia wakili wa Mkenya ambaye hata jina lake linawashinda kutamka.

Mchango huo ni wa lazima kwa sababu serikali ya Marekani haimlipii mhamiaji wakili. Mahakama za uhamiaji ziko chini ya Wizara ya Sheria, na kesi ya kufukuzwa nchini haihesabiwi kuwa ya jinai, kwa hiyo hata mtoto anaweza kusimama mbele ya jaji peke yake. Jiji la New York lilianza mwaka 2013 kuwalipia mawakili wahamiaji wanaozuiliwa. Kwingine kwingi ni kujitafutia. Ndiyo maana tulipomfanyia harambee kwenye grupu letu kijana wetu aliyekamatwa huku, jamaa wa Nairobi walituma walichonacho bila kusukumwa, hata wale ambao najua kodi ya nyumba inawakaba koo. Nilijivunia sana watu wangu.

Kisha wiki hiyo hiyo, kwenye grupu lile lile, mtu akaweka picha ya Warundi wauza njugu wa Nairobi wamekamatwa, na chini yake: "Warudi kwao." Wakafuata wa kupiga makofi. Baadhi yao ni wale wale waliomchangia kijana wetu.

Najua nitaambiwa nimeshiba dola sasa nawahubiria. Hapana. Kwenye karatasi, sheria ya Kenya inaishinda ya hapa, na nasema hivyo kwa fahari mbele ya Mmarekani yeyote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi na mtu asiye na uraia miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa wakili. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kimesema mtu, hakikusema Mkenya. Desemba 2012 serikali ilipoagiza wakimbizi wa mjini wapelekwe Dadaab na Kakuma, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, walikwenda mahakamani, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo. Hatukuazima kwa mtu. Ni mawakili wetu na korti yetu.

Lakini sheria bila mtu wa kuisimamia ni karatasi tu. Mara ya mwisho nilipokuwa Umoja, mtaa wa Nairobi, nilimwona kijana wa Kirundi akipakiwa kwenye Land Cruiser ya polisi pale steji. Alikuwa ameshika kadi yake ya ukimbizi juu kabisa, ofisa hata hakuitazama. Ndoo ya njugu ilibaki kando ya barabara, jiko lake dogo la makaa bado linafuka chini, na vikoni vya gazeti vimetawanyika. Nilipouliza anapelekwa stesheni gani, shangazi alinivuta mkono. "Achana naye, huyo si wa kwetu." Watu wote pale walijua jioni ataachiliwa akitoa kitu kidogo, na asipokuwa nacho atalala ndani. Hakuna aliyeshangaa.

Kuna atakayesema, na shambulio la kigaidi la Westgate je? Na la Garissa? Nililia na nyinyi. Mshukiwa ashtakiwe, ahukumiwe, afungwe. Lakini Aprili 2014 tulipowajaza Wasomali uwanjani Kasarani, maelfu walizolewa mtaani Eastleigh, wamo mama wenye watoto wachanga, wamo Wakenya wenye kipande, na mamia wakapandishwa ndege kwenda Mogadishu. Mwaka uliofuata Garissa ikatokea vilevile. Msako ule ulimlinda nani?

Mwingine ataniambia Mkenya mwenyewe hana wakili, nianze na wa nyumbani. Afadhali hoja hiyo, ina uzito. Ila Kituo cha Sheria hao hao wanamtetea maskini Mkenya tangu 1973, na askari aliyezoea kumfungia Mrundi bila kumfikisha kortini atamfungia kijana wako wa Kayole vivyo hivyo. Mnamjua.

Ninachoomba si kikubwa. Harambee ya wakili wa Boston ikiisha, tufungue nyingine ya mawakili wanaowatetea wageni Nairobi, hata kama ni shilingi mia mia. Mimi nimeshatuma yangu. Na mlioko huko, mkimwona mtu anapakiwa garini, muulizeni jina na stesheni, mwandike saa, kisha mumpigie wakili simu kabla hakujakucha.