Kijiji kizima kinajua, na kimenyamaza

Ikitajwa sinema ya kutisha ya Italia, jina la kwanza midomoni mwa watu ni Dario Argento. Anastahili. Lakini mwaka 1976, mwaka mmoja tu baada ya filamu yake Profondo rosso, mwongozaji Pupi Avati wa Bologna alitoa La casa dalle finestre che ridono, yaani nyumba yenye madirisha yanayocheka, na inaniuma kuona wapenzi wengi wa filamu hizi hawajawahi hata kuisikia.

Stefano, anayeigizwa na Lino Capolicchio, anaitwa kwenye kijiji cha nyanda za chini za mto Po, kaskazini mwa Italia, kukarabati mchoro wa ukutani kanisani. Mchoro unaonyesha mateso ya Mtakatifu Sebastiano. Aliyeuchora, Buono Legnani, alikuwa na wazimu wa aina yake: alichora watu wakiwa katika kukata roho. Inasemekana alijichoma moto, na maiti yake haikuonekana. Rafiki wa Stefano anataka kumweleza jambo, lakini kabla hajalisema anaanguka kutoka dirishani na kufa. Kajiua, wanasema, na habari inaishia hapo.

Filamu nyingi za aina hii huiita hofu kwa giza. Avati anaileta mchana kweupe: jua kali, maji yaliyotulia, ardhi tambarare isiyo na kilima wala msitu. Unaona mbali kote, na bado huoni wa kumkimbilia. Kisha kuna ile sauti ya Legnani kwenye kinasa sauti cha zamani, akiweweseka juu ya rangi zake. Kwangu mimi sauti hiyo inatisha kuliko visu vyote vya Argento.

Wapo wanaoihesabu kuwa hadithi ya kichaa muuaji. Sikubaliani nao kabisa. Kichaa tunatajiwa mapema, kwa jina, na kijijini hakuna asiyemjua. Wanaonitisha ni wenye akili timamu. Meya anatamani mchoro ule uwaletee watalii. Wengine wanamsalimia Stefano vizuri, wanampa chumba, kisha wanafunga midomo yao mbele yake. Mauaji yanapata nafasi kwa sababu ya ukimya wao. Anayethubutu kufungua kinywa ni Coppola, dereva mlevi, na Gianni Cavina anamwigiza kwa uchungu wa mtu aliyebeba siri miaka mingi. (Cavina mwenyewe alishiriki kuandika hadithi hii.)

Ni filamu ya polepole, ndiyo. Saa nzima ya kwanza haina haraka, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa, maana unahitaji muda wa kuwazoea watu wale na kuanza kuwaamini. Ukiipata, izime simu, uitazame na sauti ya Kiitaliano yenye maandishi ya tafsiri chini. Na usimruhusu yeyote akusimulie dakika zake za mwisho.